Wahudumu wa mochwari nao wapewe heshima

Ndugu Mhariri,

Kila Mei Mosi hapa Arusha tunawapigia makofi wafanyakazi bora. Wahudumu wa mochwari je? Ajali ya basi la shule huko Karatu, Mei 6, 2017, iliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Msiba wa namna hiyo unapotokea, kuna mtu anayeosha mwili, anafunga lebo mguuni, kisha anasimama kando ndugu akifunuliwa shuka. Mwili usipotambulika, wataalamu wa Mkemia Mkuu hupima vinasaba. Kazi hiyo ina hatari ya kifua kikuu na homa ya ini, lakini mtaani tunawaita walevi (aibu yetu!). Wapewe chanjo, glovu za kutosha na posho ya mazingira hatarishi. Na Mei Mosi ijayo mmoja wao aitwe jukwaani.

Msomaji wako,
Ngarenaro, Arusha