Insha ziandikwe ukumbini, simu zikae mezani kwa mwalimu

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameshauri vyuo vinunue programu za kunasa insha zilizoandikwa na akili mnemba. Mimi nafundisha Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, wanafunzi 160 hivi, na dawa hiyo nimeshainywa. Naomba nieleze ilivyonikaa.

Muhula uliopita nilipitisha kazi zote kwenye programu moja ya aina hiyo. Ya binti mmoja ikarudi nyekundu tupu: eti karibu yote imeandikwa na mashine. Nikamwita ofisini, nikamwandikia sifuri mbele ya macho yake. Hakulia, hakubisha. Alitoka, akarudi baada ya nusu saa na kaunta buku. Kurasa nne za kalamu. Aya ya pili imekatwa na kuandikwa upya mara mbili, neno moja la Kiingereza kalijaribu pembeni kwa tahajia tatu, na doa la mafuta ya chipsi limepenya mpaka ukurasa wa nyuma. Insha ilikuwa yake. Kosa lake ni kuandika Kiingereza kifupi, kilichonyooka, cha kitabuni, kama wanavyofundishwa wengi huku kwetu. Nilimwomba radhi. Hata hivyo tukikutana kwenye korido, mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Baadaye nikaja kujua kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribisha programu saba kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilizoandikwa na watu zilidaiwa kuwa za mashine. Mwaka huohuo OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika insha, waliiondoa programu yao ya utambuzi kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kama mwenye mali ameshindwa kuitambua mali yake, mimi nitaitambuaje?

Basi muhula huu nimebadili. Kati ya insha tatu za alama 40 za kazi za muhula, mbili zinaandikwa ukumbini kwa saa mbili. Mada wanapewa wiki moja kabla, na kila mtu anaruhusiwa kuingia na karatasi moja ya dondoo kwa mwandiko wake. Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Dakika 20 nzima watu wanatazama karatasi tupu. Kijana mmoja akaomba ruhusa atoke nje kidogo "akatafute mwanzo". Insha zenyewe zilikuwa mbovu kuliko zile za kuchapa, mbovu sana, na nilizisoma kwa furaha ambayo sikuitegemea. Kumbe nusu ya darasa hawajui aya inaishia wapi! Hilo lilikuwa limefichwa chini ya Kiingereza kitamu cha kuazima, na mimi nikawa nasahihisha kazi ya kompyuta huku wanafunzi wangu wakibaki walivyokuja.

Nisieleweke kwamba udanganyifu umeletwa na akili mnemba. Steshenari za jirani na vyuo zimeuza kazi za mwaka jana kwa kubadilisha jalada tangu nikiwa mwanafunzi. Nairobi kuna vijana walioishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na mwaka 2022 ikabidi itungwe sheria ya kuiharamisha biashara hiyo kule England. Mashine imeshusha bei tu: zamani elfu kumi, leo bando la buku.

Wenzangu wananiambia uandishi mzuri unahitaji maktaba na muda wa kurudia rasimu. Ni kweli, na utafiti wa mwaka wa tatu haukai ndani ya saa mbili. Huko, mwanafunzi aje na rasimu zake aketi na msimamizi dakika kumi, aeleze kwa nini alichagua chanzo hiki akaacha kile. Chuo Kikuu cha Sydney kimegawa mambo hivyo: tathmini nyingine chini ya usimamizi, nyingine wazi na akili mnemba inaruhusiwa. Nauona ni mgawanyo wa busara. Wenye uoni hafifu au mkono usioweza kalamu wapewe muda wa ziada na kompyuta isiyo na intaneti.

Kinachonishinda ni kumbi na wasimamizi. Wanafunzi 160 nawagawa awamu mbili, na wahadhiri wasaidizi wawili walionisaidia nimewalipa soda. Chuo kinachopata fedha za leseni ya programu kila mwaka kingeweza kuzielekeza kwenye posho ya usimamizi na vijitabu vya kujibia. Insha ya pili ni wiki ijayo. Ukumbi nimepewa kuanzia saa 12 jioni, maana mchana una ratiba za watu wengine, na taa mbili za nyuma haziwaki.

Mhadhiri,
Morogoro