Barua ya wazi kwa vijana wanaounda nyukliosidi

Wanangu,

Mnaharakisha mno kuwapelekea wenzenu wanaopima dawa kwenye vimelea unga wa nyukliosidi (besi iliyoungwa na sukari), wakati bado hamjajua ni nitrojeni ipi ya besi iliyoshika sukari. Kimelea cha malale hakijui kujitengenezea pete ya purini, besi yenye nitrojeni. Huichukua kwa mwenyeji, na hapo ndipo purini yenu bandia inapopata mlango. Lakini mlango huo ni wa molekuli moja mahususi, si wa mchanganyiko.

Tuseme mnaanza na 6-kloropurini, gramu 0.77 (milimoli 5). Iwekeni kwenye asetonitrili kavu mililita 25, chini ya argoni, muongeze BSA (bis-trimethilisilili-asetamidi, inayoivika besi kundi la silili) mililita 1.5, mkoroge hadi kimiminika kiwe angavu. Kikibaki na ukungu, besi haijavaa silili yote: ngojeni, au pasheni moto kidogo. Kisha tieni gramu 2.5 za asetili-tribenzoili-ribosi, mpoze kwa barafu, mdondoshe TMSOTf (kichocheo kinachoiamsha sukari) mililita 1.1.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni maji. TMSOTf ikikutana nayo huzaa asidi kali, na sukari inageuka alkoholi kwenye kaboni ya kwanza kabla besi haijafika. Kausheni sukari kwa kuivukiza mara mbili na toluini kavu.

Msiuzime mmenyuko mapema. Purini hushikwa na sukari kwanza kwenye N7 (nitrojeni ya saba), kisha joto huihamishia sukari N9 (ya tisa), tunayoitaka. Kwa hiyo nyuzi 70 kwa saa kadhaa, mkifuatilia kwa TLC (kromatografia ya bamba). Benzoili (kundi la kinga) ya kaboni ya pili ya sukari huziba upande wa chini, ndiyo maana mnapata beta, yaani besi juu ya sukari. Kwenye deoksiribosi kinga hiyo haipo: mtapata alfa (besi chini) na beta pamoja, na kuzitenganisha kwa safu ya silika kutawatoa jasho.

Hakikisheni kwa NMR (mwangwi wa sumaku wa viini). Kwenye HMBC, kipimo kinachoonyesha hidrojeni na kaboni zilizo mbali kwa vifungo viwili au vitatu, H1' (hidrojeni ya kaboni ya kwanza ya sukari) ikigusa C4 na C8 za purini ni N9. Ikigusa C5 na C8 ni N7. Kwenye NOESY, kipimo cha hidrojeni zilizo karibu angani, H1' ikiona H4' ni beta. Msiamini kiwango cha kuyeyuka peke yake, tafadhali.

Mkitaka amini kwenye kaboni ya sita ya purini, mahali pa klorini, iwekeni kabla ya kuvua benzoili, kwa ethanoli na trietilamini, na amini isizidi sana, la sivyo itaanza kuzing'oa benzoili hizo. Mkivua kwanza kwa metoksidi, klorini inaondoka na mnabaki na metoksi msiyoitaka. Baada ya kuvua kwa amonia ya methanoli, osheni benzamidi na metili benzoeti kwa ethili asetati; mabaki yake hupunguza uzito halisi wa dawa, na namba za EC50 (kiasi cha dawa kinachofikia nusu ya athari yake) zinadanganya.

Na sumu kwa seli za binadamu ipimwe pia kwenye galaktosi, si glukosi tu. Kwenye glukosi seli huishi hata mitokondria ikifa; kwenye galaktosi huitegemea mitokondria. Mnakumbuka fialuridini, dawa ya nyukliosidi, 1993: wagonjwa 15 wa homa ya ini B walipewa, 5 wakafa, ilhali majaribio ya wanyama hayakuwa yameonya. Madhara yalijitokeza baada ya wiki nyingi, kwa hiyo kipimo cha saa 72 kisiwatoshe.

Mzee wenu wa maabara