Barua kwa mwanangu: jani la isale

Mwanangu,

Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, na heri ilikatika, maana jambo lenyewe halitaki haraka. Uliuliza kama kisukari chako ni malipo ya dhambi, kwa kuwa kuna mtu amekuombea akakwambia uungame kwanza ndipo sukari ishuke.

Fungua Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akawajibu si yeye wala wazazi wake. Basi, dawa usiache na kliniki usikose. Tena Yakobo 5:16 inasema tuungamiane sisi kwa sisi. Huyo aliyekuombea, yeye alikuungamia nini?

Dhambi ipo, lakini. Nikusimulie yangu.

Ulikuwa darasa la nne. Nilitoka usiku na jembe, nikang'oa masale saba, ile mimea tunayopanda kuwa alama ya mpaka, kati ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, na cha baba yako mdogo, nikayapanda hatua mbili ndani ya upande wake. Nikajipatia migomba minne. Isale halina makuu, hushika upesi. Haukupita muda yakasimama kana kwamba marehemu babu yako ndiye aliyeyapanda. Jumapili nikatamka ungamo pamoja na usharika mzima, tena kwa sauti ya juu. Ungamo la wengi lina raha yake, unajificha humo. Wanaojua Kigiriki cha Agano Jipya husema neno lake la dhambi, hamartia, lina undugu na kitenzi kilichotumika zamani pia kwa mkuki uliokosa shabaha. Mimi sikukosa shabaha. Nililenga.

Miaka tisa tulisalimiana kwa kukohoa tu.

Unajua desturi yetu Wachaga: mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la isale lililofungwa fundo, na si rahisi mtu kulikataa. Nilikata langu palepale mpakani. Mdogo wangu akaligeuzageuza.

"Limetoka kwenye yale uliyohamisha?"

Nikasema ndiyo. Kumbe alijua siku zote.

"Basi na mashina yarudi."

Kesho yake tukachimba pamoja. Wazee walisema kukomboa kwa kitu kilichowekwa rehani: unalipa, unakichukua. Ardhi niliilipa. Lakini ile miaka tisa, na aibu ya watoto wake kunipita njiani bila shikamoo, ningelipa kwa nini? Alibeba yeye niliyemkosea. Mahubiri ya Ijumaa Kuu nimeyasikia tangu utotoni, ila msalaba nilianza kuuelewa siku ile, nikiwa nimeshika jembe.

Presha yangu haikushuka, vidonge nameza mpaka leo. Usingizi ndio uliorudi. Katika Marko 2, yule aliyepooza akateremshwa darini na wenzake aliambiwa kwanza kwamba amesamehewa, na alikuwa bado amelala kwenye godoro lake. Kuinuka kulikuja baadaye, kwa neno jingine. Kwa hiyo usipime msamaha wako kwa kile kipimo cha kidoleni.

Kama kuna mtu uliyemkosea, mwendee kwa sababu umemkosea, si kwa ajili ya sukari.

Baba yako mdogo anakusalimu. Ametuma mkungu kwa basi la Jumamosi, wa ile migomba ya mpakani. Kula kiasi.

Baba yako,
Old Moshi