Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: vizibo vya mpira viko wapi?

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu zilizotangulia, zenye mihuri na nakala, hazikujibiwa, na hatupendi ya nne nayo ikafungiwe karanga.

Kilichotuinua vitini ni Alhamisi iliyopita. Katika kliniki moja ya watoto mkoani Dodoma aliletwa mtoto wa miezi 14 mwenye kaakaa wazi. Mdomo wake mzima kabisa, hana ule mdomo sungura unaoonekana na kila mpita njia; mpasuko uko ndani, nyuma. Mama yake aliuliza kwa nini mtoto haitiki akiitwa kutoka mlangoni. Akajibiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, avumilie. Mtoto akapimwa uzito, akapewa matone ya vitamini A, wakaondoka. Hatua ishirini kutoka kwenye mizani ile kuna kabati, na ndani ya kabati kuna mashine ya kupima usikivu wa watoto wachanga. Imezimwa. Haina vizibo, vile vya mpira vinavyoingizwa kwenye tundu la sikio la mtoto wakati wa kupima.

Ulipokuja kuizindua, Mheshimiwa, uliahidi kwamba vizibo vya akiba vingefika kabla ya mvua. Mvua zimenyesha, mtama umevunwa, zabibu zimeshachumwa mara mbili. Picha ya uzinduzi ipo bado ukutani, na umetoka vizuri.

Huenda tatizo ni kwamba hakuna aliyekueleza kinachotokea ndani ya sikio la mtoto huyu. Tukueleze. Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Muda mwingi umejifunga. Hufunguka tunapomeza au kupiga miayo, hewa ikapita, sikio likabaki kavu. Msuli unaoufungua ndio huohuo unaokaza kaakaa laini. Kaakaa likiwa limepasuka, msuli huo haukushikizwa mahali pake, unavuta bila nguvu, na mrija haufunguki. Hewa iliyobaki sikioni inanyonywa kidogo kidogo, majimaji yanachukua nafasi yake, na siku zikienda yanakuwa mazito kama mlenda. Kabla kaakaa halijashonwa, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wa aina hii hukutwa na majimaji hayo.

Hayaumi. Hayaleti homa, wala usaha hautoki. Ndiyo maana hakuna mama anayepanda basi kutoka Chemba au Mpwapwa kuja kulalamikia sikio.

Usikivu hupungua kwa desibeli 20 hadi 40 hivi. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja ni kama desibeli 60, kwa hiyo mtoto anasikia kwamba kuna mtu anaongea, lakini sauti nyembamba kama s, f na t zinampotea, na mtu akiwa upande wa pili wa chumba anabaki mvumo tu. Hapa ndipo kipimo cha kupiga makofi nyuma ya kisogo kinapotudanganya. Kofi ni kelele kubwa. Mtoto anageuka, muuguzi anaandika "anasikia", na kweli anasikia makofi. Hakuna anayefundishwa lugha kwa makofi.

Sikio ni nusu ya shida. Nusu nyingine ni mdomo. Ili utamke b, p, t, d, k au g, lazima hewa ifungiwe mdomoni kisha iachiliwe. Kwa mtoto huyu hewa inapenya kwenye mpasuko na kutokea puani kabla haijafungika. Hebu pitia majina ya kuitana nyumbani kwa Kiswahili: baba, babu, bibi, kaka, dada. Yote yanataka hewa ya mdomoni. Linalopita puani bila taabu ni mama. Basi mtoto anasema "mama", nyumba nzima inafurahi, na baba naye anaitwa mama, bibi mama, mbuzi mama. Wanasema anatania. Kumbe ndizo sauti pekee alizo nazo. Mwingine hugundua kwamba anaweza kukata sauti kooni badala ya kutumia ulimi na midomo. Akizoea, hata baada ya kushonwa anaendelea nayo, na kuing'oa ni kazi ya miaka.

Mtoto wa kawaida huanza kurudia silabi, ba-ba-ba, da-da-da, kati ya miezi 6 na 10. Kaakaa hushonwa kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18. Tofauti hiyo ya miezi si jambo dogo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023, wenye watoto 558, ulilinganisha kushona wakiwa na miezi 6 na kushona wakiwa na 12. Walipofika miaka 5, kaakaa lililoshindwa kufunga vizuri wakati wa kusema lilikutwa kwa asilimia 8.9 ya waliowahi na asilimia 15.0 ya waliosubiri. Hatusemi tukimbilie kisu. Waliofanya kazi ile walikuwa na wataalamu wa usingizi wa watoto wachanga. Tunachosema ni kwamba neno "avumilie" lina gharama.

Kambi za upasuaji zikija tunashangilia, na ni haki yake. Lakini mshono hupigwa picha, sikio halipigwi. Majimaji huendelea kwa wengi hata kaakaa likishafungwa, wakati mwingine kwa miaka. Hapo mtoto anahitaji vibomba vidogo kwenye ngoma ya sikio au vifaa vya kusaidia kusikia, na hakuna atakayejua yupi anahitaji nini bila kupima.

Kupima kwenyewe si muujiza. Kanuni inayofuatwa duniani ni 1-3-6: achunguzwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Siku ya kwanza baada ya kuzaliwa usipime, tundu la sikio bado lina uchafu wa uzazi. Mtoto anyonye, alale, feni izimwe, mlango ufungwe. Ndewe ivutwe chini na nyuma ili njia inyooke. Kizibo kiingie na kibane. Kikiwa kikubwa hakiingii, kikiwa kidogo sauti inavuja, na mashine inaandika kwamba kuna kelele hata chumba kikiwa kimya kama kaburi. Wapo waliojaribu kuzungushia pamba. Sauti inavuja vilevile. Wapo wanaorudia kizibo cha mtoto mmoja kwa mwingine. Kitundu kinaziba nta, watoto wazima wanaonekana viziwi, na maambukizi yanahama. Tena aliyefaulu akiwa na wiki moja si kwamba amepona, maana majimaji huja baadaye. Arudiwe.

Na siku za kurudia zipo tayari, Mheshimiwa, wala hazihitaji kikao. Mama huja kwa chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na wa 18. Nauli ameshalipa. Mtoto ameshabebwa.

Wodi za wazazi nazo zisisahauliwe: tochi, kijiti cha ulimi, kinywa kiangaliwe mpaka nyuma, kidole chenye glovu kipapase kaakaa. Kimeo kilichogawanyika pande mbili kinaweza kuwa dalili ya mpasuko uliofichwa chini ya ngozi. (Wakata vimeo wa mitaani wanakiona hicho na kukifyeka, wakaondoa dalili na kuacha ugonjwa.)

Wakati tunasubiri, akina mama tunawaambia hivi: mtoto alishwe akiwa ameketi, si amelala, aongeleshwe uso kwa uso, nusu mita, redio ikiwa imezimwa, akitoa sauti ya midomo arudishiwe kwa furaha, akikoroma kooni asiigizwe.

Katika barua ya kwanza tuliomba chumba tulivu, mtaalamu wa usikivu, mtaalamu wa matamshi, na timpanometa, yaani mashine inayoonyesha kama kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, yenye sauti ya hetsi 1000 inayofaa watoto wa chini ya miezi 6. Ya pili tukaacha chumba. Ya tatu tukaacha wataalamu. Leo hata timpanometa tunaiweka kando.

Tunaomba vizibo, Mheshimiwa. Vya watoto wachanga, saizi zote, kasha moja kwa kuanzia. Ni mpira tu, hauhitaji mafuta ya gari wala mzinduzi. Sasa treni inatoka Dar es Salaam kuja Dodoma kwa saa tatu na ushee. Kasha la vizibo linaenea kwenye mkoba wa abiria mmoja.

Yule mtoto wa miezi 14 tumemwita arudi Alhamisi ya pili ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, kabla kliniki haijaanza kelele. Viwepo.

Wako watiifu,
Wahudumu wa kliniki za watoto, Dodoma