Diski za RAID: terabaiti si swali la kwanza

Wateja wengi wanaotaka kuunganisha diski mbili au tatu za RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki) kwenye kompyuta ya nyumbani huanza kwa kutuuliza, "Terabaiti ngapi zitanitosha?" Sisi huanza kwingine: diski hiyo inaandikaje?

Zipo namna mbili. Kwenye CMR, mistari ya data imekaa sambamba, kila mmoja na nafasi yake. Kwenye SMR mistari imelaliana kama makuti ya paa, ndiyo maana data nyingi zaidi huingia kwenye sahani ileile. Ila ukitaka kubadili kuti la katikati, sharti ufunue yaliyolilalia. SMR nayo, ikirekebisha mstari mmoja, hulazimika kuandika upya na jirani zake. Kwa diski ya pekee ya kuwekea picha na filamu, huenda usione tofauti yoyote. Utaiona siku diski moja ya RAID itakapokufa, ukaweka mpya, na mfumo ukaanza kuijaza mfululizo bila kuipa nafasi ya kupumua. Kasi huporomoka, kazi ya saa chache inageuka ya siku kadhaa, na wakati mwingine mfumo huchoka kusubiri ukaitoa diski mpya kana kwamba ni mbovu.

Wala usitegemee maandishi ya kwenye boksi. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red za kati ya TB 2 na 6, zilizouzwa kwa ajili ya NAS (kasha la diski linalounganishwa kwenye mtandao), zilikuwa za SMR. Baadaye zile za CMR zikatengewa jina la Red Plus. Kwa hiyo chukua namba kamili ya modeli, mpaka herufi za mwisho, uisome kwenye jedwali la mtengenezaji. Herufi mbili tu zinaweza kutenganisha diski nzuri na majuto.

Jambo la pili ni subira. Diski ya kawaida ikikuta sekta mbovu hung'ang'ana kuisoma, pengine kwa dakika nzima au zaidi. Ukiwa na diski moja, huo ni wema, kwa kuwa nakala ni hiyo tu. Ndani ya RAID ni balaa: kontrola, yaani kifaa kinachosimamia diski hizo, huona kimya na kudhani diski imekufa. Diski za NAS hukata tamaa baada ya kama sekunde 7, na data ile ikachukuliwa kutoka kwa wenzake. Watengenezaji huita uwezo huo TLER au ERC.

Ukubwa? Nunua zinazolingana. RAID 5, ambayo hutenga ukubwa wa diski moja kwa ajili ya kinga, ikiwa na diski za TB 4, 4 na 2 itakupa TB 4 tu, kwa sababu zote hupimwa kwa ile ndogo.

Kwa nyumba nyingi sisi hupendekeza RAID 1 ya diski mbili, yaani kila moja ina nakala ileile, hata kama faida yetu ni ndogo kuliko kuuza nne. RAID 5 ya diski kubwa hututia wasiwasi. Moja ikifa, kujaza diski mpya ya TB 8 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15, tena hapo mambo yakienda vizuri, na muda wote huo ukipoteza diski nyingine umepoteza kila kitu. Mwenye nafasi ya diski nne aifikirie RAID 6, inayostahimili vifo viwili. Tukikuuzia, tutajaribu pia kukupa diski za matoleo tofauti ya kiwandani, maana zilizozaliwa pamoja zinaweza kuwa na kasoro moja.

Bekapu ni kitu kingine kabisa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, RAID hulifuta kwenye diski zote kwa utiifu mkubwa.

Kabla ya kuagiza, tutumie namba za modeli za diski ulizonazo na idadi ya nafasi zilizo wazi kwenye kasha. Ikiwa moja tayari ni SMR, tutakwambia uitumie kwa bekapu. Huko inafaa sana.