Neema, hela ya simu mpya situmi

Hamburg, Jumapili jioni

Mdogo wangu Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Mpe Mama shikamoo yangu. Bibi akiuliza, mwambie koti lake nimeshanunua, namsubiri mtu wa kumbebesha.

Voisi zako nimezisikiliza zote, na ya Baba Mdogo pia. Simu ya laki nane situmi. Hiyo uliyonayo, hata kama kioo kina ufa, inatosha kabisa kwa kujifunzia Kijerumani. Na huyo aliyesema kwenye kikao kwamba nimeota mapembe tangu nipate cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2, mwambie cheti kipo ukutani sebuleni kwangu, siku akija atakiona.

Sasa sikiliza. Anza na kibodi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya lugha, ongeza Kijerumani. Ukibonyeza herufi a ukaishikilia, ä itatokea. U itakupa ü, na s itakupa ß. Usizoee kuandika bila vile vidoti: schon (tayari) na schön (-zuri) ni maneno mawili tofauti. Halafu pakua sauti ya Kijerumani ya kusomea maandishi, ili simu ikutamkie maneno hata bando likiisha.

Aplikesheni ya Duolingo iweke, lakini iwe ya kuonja tu. Kozi yake ya Kijerumani utaifuata kupitia Kiingereza, basi maana iandike kwenye daftari kwa Kiswahili. Ubaya wake ni yale maneno ya kupanga: jibu limeshawekwa pale chini, wewe unagusa tu. Macho yanalitambua neno, mdomo hauwezi kulitoa. Ukiona sehemu ya kuandika mwenyewe kwa kibodi, chagua hiyo. Na ule moto wa siku mfululizo usikuzuzue. Mtu anaweza kuulinda mwaka mzima kwa somo moja fupi kila usiku na asijue kuagiza chai.

Kazi yenyewe iko kwenye aplikesheni ya AnkiDroid, nayo ni ya bure (kwenye iPhone wanalipisha, Elia asilalamike). Ni kadi za maswali. Unayoikumbuka inakaa siku nyingi zaidi kabla ya kurudi, unayoisahau inarudi upesi. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliandika kuhusu kusahau tangu 1885, na hesabu za kadi hizi zinatoka kwenye wazo hilo hilo.

Ikifunguka inakupangia kadi mpya 20 kwa siku. Shusha ziwe 10. Baada ya wiki chache marudio ya kila siku hufika mara saba hadi kumi ya kadi mpya, na hapo ndipo wengi hukimbia: wanakaa siku tatu bila kuifungua, wanakuta kadi mia nne zinawasubiri, wanaifuta. Likikukuta hilo, usiifute. Weka kadi mpya sifuri mpaka deni liishe. Kitu kingine, ukisahau jibu bonyeza kile kitufe cha kurudia, usibonyeze cha "ngumu" kwa aibu. Cha ngumu maana yake umekumbuka kwa taabu, na kadi itaondoka bila wewe kuijua.

Kadi zitengeneze mwenyewe. Usiandike Tisch (meza) peke yake. Andika der Tisch, na wingi wake die Tische, na sentensi moja fupi. Jinsia ya neno, yaani hiyo der, ukiiacha leo, utakuja kuitafuta kwenye maneno elfu moja. Sisi wa ngeli hatuna cha kushangaa hapo, tumezoea nomino kuburuta maneno mengine. Weka pia kadi za der kugeuka den, na ein kugeuka einen: Ich habe einen Bruder (nina kaka), si ein Bruder. Na kitenzi kikae nafasi ya pili kwenye sentensi ya kawaida. Morgen fahre ich nach Arusha (kesho nakwenda Arusha). Ukisema Morgen ich fahre, watakuelewa, lakini alama itakatwa.

Matamshi: w isome kama v yetu, v mara nyingi ni f, z ni ts. Kozi ya bure ya Deutsche Welle itakusaidia masikio, ni hao hao Baba anaowasikiliza kwa Kiswahili. Video zinakula bando, zifungue usiku.

Alama za aplikesheni ubalozini si kitu. Wanataka cheti cha mtihani, kama ule wa Goethe-Institut pale Dar. A1, ngazi ya kwanza, ina kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, na kufaulu ni 60 kwa 100. Kuandika ni kujaza fomu na ujumbe wa maneno kama 30. Kuongea unajitambulisha: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda. Simu haitakufundisha hayo mawili, kuandika na kuongea. Jirekodi, sikiliza, jirekodi tena. Kwenda Ujerumani kulea watoto (au pair) A1 inatosha, ila uwe hujafika miaka 27. Uuguzi unaoutaka wewe ni B1 au B2, usidanganywe na mtu.

Hela ya bando naituma kwa namba ya Mama, si ya Baba Mdogo. Ada ya mtihani nitailipa mwenyewe siku utakapojitambulisha bila kusoma karatasi. Nitumie voisi kila Jumapili baada ya misa ya kwanza. Elia afungue akaunti yake. Akigusa kadi zako atakuvurugia ratiba yote.

Huku ndizi zipo, ila ni za kula mbivu tu. Mtori nauota. Na mniambie ukweli: mpaka wa kihamba cha Bibi kule Kibosho, umeshasogezwa au bado?

Dada yako,
Gaudensia