Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Baraza la Makadeti Lijibiwe

Wanachama wenzangu, wazazi, walezi wa vikosi, na nyinyi makadeti, vijana wetu wa huduma ya kwanza, mliojaa safu za nyuma: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina, na hesabu zilizokaguliwa mnazo mikononi. Shughuli za mwaka ziko kwenye taarifa ya katibu: maonyesho ya kilimo, sherehe za Mashujaa, mechi za shule na zamu za sikukuu pale kivukoni Likoni, Mombasa. Sitazirudia. Ninawashukuru tu wote waliosimama juani na mkoba wa huduma ya kwanza begani, wengi wao wakijilipia nauli. Muda niliopewa nitautumia kwa jambo moja, kwa sababu nina hoja ya kuwaletea: Baraza la Ushauri la Makadeti.

Katiba ya chama chetu inalitaja baraza hili kwa sentensi moja. Inasema kutakuwa na baraza la makadeti litakaloishauri kamati kuu, basi. Haisemi wajumbe wanapatikana vipi, wanakutana lini, wala kamati ikishapewa ushauri iufanyie nini. Yanayofuata anayajua kila aliyewahi kulea vijana. Wajumbe wanachaguliwa kwa makofi mwezi wa Januari, wanapigwa picha na mgeni rasmi, wanaandika mapendekezo yao kwa mwandiko mzuri, karatasi inaingia kwenye faili, na muhula wa pili ukifika vikao havina watu. Hapo ndipo tunaposikia kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Mimi naona wana akili timamu. Mtu mzima naye akiandika barua tatu asijibiwe hata moja, ya nne haandiki.

Mwaka 1992, katika kazi aliyoiandikia UNICEF, mtafiti Roger Hart aliupanga ushiriki wa watoto kama ngazi ya vipandio vinane. Vitatu vya chini alikataa kuviita ushiriki: mtoto kutumiwa, mtoto kuwekwa awe pambo, na mtoto kupewa kiti asichoweza kusema kitu akiwa amekikalia. Nawaomba walezi mkirudi vikosini mjiulize baraza letu limekuwa likikaa kwenye kipandio gani.

Mwaka huu kamati ilikubali kulijaribu jambo dogo: kila pendekezo la baraza lijibiwe kwa maandishi, likikubaliwa au likikataliwa, na sababu itajwe. Nitawaeleza mambo mawili yaliyotokea, maana ndiyo yaliyonifanya nilete hoja.

La kwanza ni saa ya gwaride. Kwa muda mrefu mahudhurio ya Jumamosi asubuhi yalikuwa yakishuka, na maelezo yaliyozoeleka yalikuwa uvivu, simu na mpira. Wajumbe wa baraza walirudi vikosini mwao, wakauliza kadeti mmoja mmoja, wakaleta ukurasa mmoja uliopigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa na majina ya vikosi, ya pili sababu za kukosa. Sababu iliyojirudia kuliko zote ilikuwa chuo. Wengi wa watoto wetu wako madrasa Jumamosi asubuhi, na wenzao Wakristo wana mazoezi ya kwaya au masomo ya kipaimara. Hakuna aliyelisema hilo kwa mlezi, kwa sababu kadeti mwenye miaka 13 haoni kwamba ana ruhusa ya kumwambia mkubwa kuwa saa aliyoipanga haifai. Kwa mwenzake wa miaka 15 alilisema bila shida. Baraza likapendekeza gwaride lihamie Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, limalizike kabla ya Magharibi ili wa Likoni wavuke feri kungali na mwanga. Kamati ikakubali, na jibu likasomwa kwenye kila kikosi. Walezi mliomo humu mnajua jinsi viwanja vilivyojaa tangu hapo.

La pili kamati ililikataa. Baraza liliomba makadeti waruhusiwe kubaki na simu kambini. Barua ya kukataa ilikuwa na sababu tatu: picha zinazopigwa mabwenini bila idhini, usingizi, na wizi unaogeuka ugomvi. Baadhi yetu tuliogopa vijana watasusa. Kikao kilichofuata walirudi na pendekezo jipya: kila kikundi kiwe na simu moja, ishikwe na kiongozi wa kikundi, itumike jioni kupiga nyumbani, mlezi akiwapo. Hilo likapita, na ndilo linalotumika sasa. Wazazi walilifurahia kuliko makadeti wenyewe. Nilichokiona ni kwamba jibu la hapana lenye sababu lilizidisha kazi ya baraza, kwa kuwa sasa walijua kizuizi kiko wapi na wanaweza kukizunguka kwa hoja.

Katika kutayarisha hoja hii tuliangalia wengine wanafanyaje. Skauti, ambao mwasisi wao Baden-Powell amezikwa Nyeri hapa hapa kwetu, tangu zamani wamewakalisha viongozi wa doria pamoja ili waamue mambo ya kundi lao. Mfano ulio karibu zaidi na tunachokitaka nimeuona Marekani, kwenye Civil Air Patrol, kikosi cha raia wa kujitolea kinachosaidia Jeshi la Anga. Kilianzishwa Desemba 1941, kikaanza kupokea makadeti mwaka 1942. Wao wana mabaraza ya ushauri ya makadeti yanayopanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Kazi zake zimeandikwa waziwazi: kumpa kadeti uzoefu wa uongozi kwenye ngazi iliyo juu ya kikosi chake, kumsaidia kamanda kusimamia mpango wa makadeti, na kutoa mapendekezo ya kuuboresha. Kila kikosi kinatoa mjumbe na mjumbe mbadala. La mbadala nalipenda sana. Mwezi wa Novemba, watahiniwa wetu wa kidato cha nne wanapofungiwa na mitihani, nusu ya baraza hupotea, na kikosi kinakosa sauti wakati ule ule tunapopanga kambi ya Desemba.

Wajumbe wao pia huvaa kamba ya begani, yenye rangi ya ngazi wanayoitumikia. Wapo kati yenu walioniandikia mkitaka nasi tuwe nayo. Sina kinyongo na kamba, kijana anastahili kuonekana kwa kazi yake. Ninachoomba ni kwamba wajibu wa kujibu uandikwe kwanza, kamba ifuate.

Kuna maswali niliyoulizwa na wazazi, na ni ya haki. Je, baraza litakuwa likijadili mtoto wa fulani aliyekosa nidhamu? Halitafanya hivyo. Kesi ya mtu binafsi, na hasa lolote linalohusu usalama wa mtoto, haliingii kwenye ajenda ya makadeti. Linakwenda moja kwa moja kwa afisa wa ulinzi wa watoto, na mjumbe akiletewa siri ya namna hiyo kazi yake ni kuifikisha huko siku hiyo hiyo. Vikao vitakuwa na watu wazima wawili ndani ya chumba, hata mmoja wao akiwa hana la kusema. Kiti cha mwenyekiti kitakaliwa na kadeti, na mlezi atasema akiulizwa. Hili la mwisho ni gumu kwetu wakubwa, najua, kwa kuwa kimya cha watoto wanaofikiri tunakiona kama pengo la kuzibwa. Naomba tujizuie.

Mzazi mmoja aliuliza kama sheria inatulazimisha. Kifungu cha 55 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazungumzia vijana kuwakilishwa na kushiriki, lakini kijana kwa tafsiri ya Katiba ameanzia miaka 18, na makadeti wetu wengi hawajafika hapo. Kinachowahusu zaidi ni kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990: mtoto anayeweza kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa kwenye mambo yanayomgusa, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Hilo la uzito ndilo nisilotaka tulipite kwa haraka. Kumsikiliza mtoto kisha kuendelea na ulichokuwa umekwisha kuamua hakuyapi maoni yake uzito wowote.

Nauli nayo. Mjumbe anayetoka Likoni hupanda matatu mbili, wa Nyali hata kwa mguu anafika. Tusipolipa nauli, baraza litakuwa la waliokaa karibu na la wenye nacho. Mweka hazina ameliweka fungu hilo kwenye makadirio ya mwaka ujao, naomba msilikate.

Hoja ninayoileta ni kwamba sentensi ile moja ya katiba ya chama iongezwe haya: kila kikosi kitachagua kwa kura ya siri mjumbe na mjumbe mbadala, kwa kipindi cha mwaka mmoja, baraza litakutana angalau mara mbili kila muhula, na kamati kuu italijibu kila pendekezo la baraza kwa maandishi ndani ya siku 30, ikitaja sababu pale inapokataa, na jibu hilo lisomwe mbele ya vikosi vyote. Siku 30 zikipita bila jibu, pendekezo litakuwa ajenda ya kwanza ya kikao kinachofuata cha kamati, na mwenyekiti wa baraza ataalikwa kulitetea mwenyewe.

Hoja imeungwa mkono na walezi wa vikosi viwili, na majina yao yamo kwenye karatasi ya ajenda. Kabla hatujapiga kura, naomba mwenyekiti wa Baraza la Makadeti aje hapa mbele aseme wa kwanza, kisha wanachama wengine mchangie.